Kuhesabu Ndege Wazaao katika Misitu ya Oicha

Mtu atokaye mjini Beni kwa barabara ya kaskazini iendayo Eringeti na Komanda, akisha kupita Mbau na kutimiza mwendo wa kilomita 30 hivi, huingia Oicha, makao makuu ya wilaya ya Beni, mji uliojulikana tangu miaka ya 1930 kwa hospitali yake ya wamisionari, na ambao katika miaka yetu umejulikana zaidi kwa misiba ya vita. Magharibi yake waanza msitu mkubwa wa Ituri uendao hata Epulu na mbele yake. Mashariki yake ardhi huteremka kuelekea bonde la Semuliki na sehemu ya kaskazini ya Hifadhi ya Virunga, na mbele ya bonde hilo ni Uganda. Katika mahali kama hapa, ambapo ndege wa bonde la Kongo hukaribiana na ndege wa milima ya Ruwenzori, swali la namna ya kuwahesabu ndege wazaao msituni, ili hesabu yao isaidie kuyahifadhi makazi yao, limekwisha kutoka katika maktaba za wataalamu na kuwa swali la ardhi, la sheria, la riziki, na, kwa masikitiko makubwa, la usalama wa nafsi ya mwenye kuhesabu.

Hoja ya makala haya ni hii: kwamba hesabu ya ndege yenye manufaa kwa hifadhi ni ile ibainishayo mahali ndege wanapolea makinda hata yakaruka, na wala orodha ya majina ya walioonekana haitoshi kushika nafasi yake, na kwamba katika Oicha hesabu ya namna hiyo yapasa ianzie ukingoni mwa msitu, mikononi mwa watu wa hapo hapo, kwa kuwa ukingoni ndiko mtu awezako kwenda na kurudi salama, na ndiko pia kila siku hukatwa shauri mti gani uanguke na mti gani ubaki.

Elimu ya ndege wa Kongo ilijengwa kwanza juu ya ngozi zilizokaushwa na kupelekwa ng'ambo. Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na jumba la makumbusho la New York, walikaa kaskazini-mashariki mwa Kongo tangu 1909 hata 1915, na kutokana na kazi ile Chapin akatunga kitabu kikubwa cha ndege wa Kongo ya Wabelgiji, kilichotoka kwa sehemu nne baina ya 1932 na 1954. Mwaka 1913, huko Avakubi katika Ituri, alipata unyoya mmoja uliochomekwa katika kofia ya mwenyeji, asijue ni wa ndege gani. Akauhifadhi miaka ishirini na zaidi, hata mwaka 1936, alipokuwa katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, walioandikwa kwa makosa kuwa ni tausi wachanga wa Bara Hindi, nao wana unyoya ule ule. Ndivyo tausi wa Kongo alivyoingia vitabuni, ilhali yule mwenye kofia, na bila ya shaka wawindaji wenziwe, walikwisha kumjua zamani. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kuwa ni ushindi wa bahati. Walakin mwenye kupanga hesabu ya ndege leo yampasa akisome kwa namna nyingine, kwamba ujuzi uliotafutwa kwa muda wa miaka ishirini na mitatu ulikuwapo Avakubi tangu siku ya kwanza, ila daftari halikuwa na mahali pa kuuandika.

Mfano ulio karibu zaidi na Oicha ni wa ndege mdogo wa jamii ya shore, mwenye mgongo wa kijani, ambaye mwaka 1967 alipewa jina la Chlorocichla prigoginei kwa heshima ya Alexandre Prigogine, mtafiti aliyekusanya ndege wengi wa mashariki mwa Kongo. Ndege huyu ajulikana katika pande mbili tu za dunia: nchi iliyo kaskazini-magharibi mwa Ziwa Edward, kuelekea Butembo na Beni, na nyanda za juu za Lendu katika Ituri, naye huishi katika vipande vya msitu na vichaka vya kandokando ya vijito, yaani katika mahali pale pale ambapo mkulima wa milimani hutafuta shamba lenye unyevu, mwenye ng'ombe hutafuta malisho, na mchoma makaa hutafuta kuni. Ameandikwa katika daftari la ulimwengu la viumbe walio hatarini. Lakini kuandikwa huko hakumwambii mwenye kijito cho chote ni kichaka kipi akiache. Ngozi zilizo katika sanduku za makumbusho zaweza kutuambia kwamba ndege fulani yupo. Mahali anapozaa, na kama uzazi wake wafaulu, hayo hayasomeki katika ngozi.

Tofauti hii baina ya kuwapo na kuzaa ndiyo kiini cha mas'ala yote. Ndege wengi wa misitu ya joto hutaga mayai machache, aghalabu mawili tu kwa mzao mmoja, na huishi miaka mingi kuliko ndege wadogo wa nchi za baridi. Kwa hiyo jozi ya wakubwa yaweza kudumu katika kipande cha msitu kilichozungukwa na mashamba, ikiimba kila alfajiri na kuandikwa kila mwaka katika daftari la mhesabu, ilhali kila kiota chake chaliwa na nyoka, na nyani, na panya wa vichakani. Katika milima ya Usambara, Tanzania, William Newmark ameendesha tangu 1987 kazi ya kunasa ndege kwa nyavu na kuwatia pete katika vipande vya msitu vidogo na vikubwa. Na katika uchunguzi alioutoa pamoja na Thomas Stanley mwaka 2011, juu ya viota vya ndege wa misitu hiyo, ilidhihirika kwamba kuvunjwa-vunjwa kwa msitu hupunguza uwezekano wa kiota kusalimika hata makinda yakaruka. Kwa hiyo mtu anayehesabu nyimbo peke yake aweza kuuandika msitu kuwa ni mzima, hata siku ile ya mwisho wazee wanapokufa kwa uzee na hakuna wa kushika nafasi zao.

Ushahidi wa pili watoka pwani ya Kenya. Mnana wa Sokoke, aitwaye na wataalamu Ploceus golandi, alielezwa kitabuni mwaka 1913, na kwa karne nzima watu walimwona akila katika vilele vya miti ya Arabuko-Sokoke, msitu uliolindwa kwa sheria, wasijue kiota chake kiko wapi. Hata mwaka 2013 viota vikaonekana katika Dakatcha, vimefumwa katika manyasi ya kinamasi kijaacho maji kwa msimu, mahali pasipo na ulinzi ule wa msitu wa serikali. Miaka mingi ya kumlinda ndege mahali anapokula ilipita bila ya mtu kupalinda mahali anapozaliwa, na hilo halikuwa kosa la walinzi, ila upungufu wa hesabu iliyokuwa mbele yao.

Tukirudi Oicha, swali la mahali pa kuzalia laungana moja kwa moja na swali la mbao. Hondohondo wakubwa wa msituni huzaa katika mapango ya miti mizee: jike hujifungia ndani, tundu likazibwa hata ubaki ufa mwembamba, naye hukaa humo miezi kadhaa akilishwa na dume kupitia ufa huo. Kasuku wa kijivu, ambaye biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa shauri lililokatwa Johannesburg mwaka 2016, naye hutaka matundu ya miti mirefu. Kwale wa Nahan, apatikanaye katika misitu ya Ituri na katika misitu michache ya Uganda kama vile Budongo na Mabira, hutaga chini, baina ya mizizi mipana iinukayo ubavuni mwa mashina makubwa. Ndege hawa watatu hawafanani kwa chakula wala kwa sauti, lakini wote wategemea mti mnene, mzee, wenye pango au mizizi iliyopanuka. Na mti huo ndio kwanza huchaguliwa na wapasua mbao wenye misumeno ya mota, ambao mbao zao hupakiwa katika malori na kupitia Kasindi kwenda Uganda na Kenya. Msitu waweza kupunguziwa miti michache tu kwa kila hektari, na picha ya angani isione kitu, ilhali nyumba za uzazi zimekwisha zote.

Sasa, hesabu yenyewe hufanywaje? Wataalamu wa ramani za ndege wameweka daraja tatu za ushahidi, ambazo kwa lugha yetu twaweza kuziita uwezekano, yamkini na yakini. Ndege aimbaye mahali pamfaapo, wakati uwafaao, huandikwa kuwa yawezekana anazaa; jozi iliyorudiwa kuonekana mahali pale pale, ikipigania mpaka wake au ikijenga, huandikwa yamkini; na kiota chenye mayai, au mzazi abebaye chakula mdomoni, au kinda lisiloweza bado kuruka sawasawa, hivyo ni yakini. Ubora wa mpango huu ni kwamba wamlazimisha mwandishi kukiri kiasi cha ujuzi wake, badala ya kutia alama moja kwa ndege aliyepita angani na kwa ndege aliyekuwa akiatamia.

Njia ya kwanza ya kukusanya ushahidi huo ni sikio. Mhesabu husimama katika vituo vilivyopangwa, kila kimoja kwa dakika chache zilizokwisha kuamuliwa, akaandika kila sauti na makadirio ya umbali wake; kwani katika msitu wa mbau, ule mti ambao katika Ituri hutawala eneo kubwa karibu peke yake na kufunga mwanga wa jua, ndege wengi husikika kabla ya kuonekana, na wengine hawaonekani kabisa. Lakini sikio hukosa, na makosa yake yapasa kupimwa. Tuseme ndege fulani, akiwapo, husikika katika nusu ya ziara; aliyekwenda mara moja atamkosa kwa nusu, ilhali aliyekwenda mara nne, kwa hali zile zile, atamkosa mara moja tu katika 16. Ndiyo maana ziara zirudiwe, na ndiyo maana ukimya wa siku moja usiandikwe kuwa ni kutokuwapo.

Njia ya pili ni wavu mwembamba utandazwao kabla ya mapambazuko katika kichaka cha chini. Hapa ndipo ushahidi wa uzazi hupatikana bila ya kukitafuta kiota. Mshika ndege humlaza chali katika kiganja, shingo ikiwa baina ya kidole cha shahada na cha kati, kisha hupuliza taratibu manyoya ya tumbo; akiwa ni jike aatamiaye, manyoya hutengana na kuidhihirisha ngozi tupu, nyekundu, iliyovimba kidogo na kujaa mishipa ya damu, ambayo ndiyo hugusana na mayai na kuyapa joto. Kazi ya sekunde chache hiyo, nayo yatoa burhani ambayo mwezi mzima wa kusikiliza usingeitoa. Lakini yataka mkono uliofundishwa, nyavu zitazamwe mara kwa mara bila ya uvivu, na zifungwe mvua inapokaribia. Kwani ndege aliyelowa wavuni hufa upesi, na hifadhi iuayo ni taksiri isiyo na udhuru.

Njia ya tatu ni kutafuta viota, na katika hii mzoefu wa msitu humshinda mwenye shahada. Mti wa hondohondo hujulikana kwa kutazama chini kabla ya kutazama juu: chini ya tundu huwa kuna lundo la kokwa zilizotapikwa, na kinyesi kilichomwagika shinani, na kama jozi imetumia pango lile miaka kadhaa, miche ya miti ambayo mama zake hawako karibu. Wazee wa Kibambuti na wawindaji wa Kinande na Kimbuba walio na umri wa kutosha huzisoma dalili hizi kwa haraka. Na ujuzi wao, ukiandikwa pamoja na mahali na tarehe na jina la mti, una uzito sawa na wa mwingine ye yote.

Yapo pia mambo ambayo hatuwezi kuyaazima kutoka kaskazini ya dunia. Hesabu kubwa ya ndege wazaao ya Amerika ya Kaskazini, iliyoanzishwa mwaka 1966, hufanywa zaidi mwezi wa Juni, kwa kuwa huko majira hukusanya uzazi wa takriban ndege wote pamoja. Oicha iko chini ya digrii moja kutoka ikweta. Huko hakuna majira ya baridi yanayowafunga ndege wala ya joto yanayowafungua, na kila jamii hufuata mvua, wadudu na matunda yake kwa kalenda yake. Mhesabu ajaye kwa mwezi mmoja na kuondoka atawakuta wengine wamekwisha kulea, wengine hawajaanza. Jambo hili peke yake, hata tusipotaja gharama, latosha kuwa hoja ya kuwapa kazi hii watu wakaao pale mwaka mzima.

Hesabu ikisha kupatikana, yabaki hatari ya kuisoma vibaya. Msitu unapokatwa na kugeuka mchanganyiko wa kichaka, mgomba na mihogo, jumla ya aina za ndege yaweza hata kuongezeka, kwani shore wa kawaida, minana na ndege wengine wapendao uwazi huingia kwa wingi kabla ya ndege wa kivulini kwisha. Wanaotoweka kwanza ni wenye masharti magumu: wafuatao misafara ya siafu, ambao katika Kakamega, Kenya, makundi yao yameonekana kupungua kadiri msitu unavyokatika-katika, na wenye kutaka mapango makubwa. Kwa hiyo ripoti itoayo jumla peke yake ni ripoti yenye kudanganya ijapokuwa kila tarakimu yake ni kweli.

Katika wilaya ya Beni hatari hiyo ni kubwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kakao. Baada ya ugonjwa wa kunyauka kuiangamiza mikahawa mingi katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, wakulima wa Oicha, Mbau na Mangina waligeukia kakao, na zao hili limewalisha watu katika miaka ambayo karibu kila kitu kingine kiliwaponyoka. Shamba la kakao lililoachiwa miti mirefu ya kivuli si sawa na lililofyekwa likawa jeupe. Lakini tofauti yao kwa ndege wazaao haiwezi kukisiwa, sharti ihesabiwe, na tena ihesabiwe kwa daraja ya yakini, kwani hondohondo aweza kupita shambani kila siku akila, na asiwe na hata tundu moja la kuzalia humo.

Sababu ya pili ni vita. Tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, watu wengi wa Oicha, Eringeti na vijiji vya kando wameyakimbia mashamba yao, na mashamba yameshikwa na magugu. Mtu wa mbali akiona kijani kinarudi, aweza kudhani kuwa ni heri iliyotoka katika shari, na akaandika hivyo. Ilhali kichaka cha miaka michache hakina pango la kasuku wala mizizi ya kulalia kwale, na wakimbizi waliosongamana kando ya barabara hukata kuni pale wanapofika bila ya kuuawa, hata vipande vya karibu na mji vikachakaa kuliko vyote.

Yupo atakayeuliza, tena kwa haki, ni nani mwenye moyo wa kuhesabu ndege mahali ambapo watu huzika watu wao. Jibu lisiwe la kejeli. Hakuna orodha ya ndege yenye thamani ya roho moja, na mpango wo wote umpelekao kijana ndani ya msitu usio salama, kwa sababu mfadhili ataka ramani iliyojaa, ni mpango wa kukataliwa. Sehemu zisizofikika zibaki tupu katika ramani, na utupu huo uandikwe kwa jina lake, kwamba hapa hapakuhesabiwa. Walakin watu wa Oicha watarudi mashambani mwao, kama walivyokwisha kurudi na kukimbia na kurudi tena. Na siku hiyo kila familia, kila mnunuzi wa mbao na kila afisa atakuwa na dai lake juu ya ardhi. Asiyekuwa na maandishi siku hiyo atasikiliza maandishi ya wengine.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Kanuni ya Misitu ya Kongo ya mwaka 2002 iliwafungulia wenyeji mlango wa kumiliki misitu yao ya mila, na amri ya Agosti 2014 ikaonyesha njia ya kuomba hati ya msitu wa jamii, usiozidi hektari 50,000, bila ya ukomo wa muda. Hati hiyo hudai mpango wa matumizi ueleze sehemu ya kulima, ya kukata na ya kuachwa. Na mpango wahitaji sababu. Kusini, katika wilaya ya Lubero, jamii za Tayna zilikwisha kuonyesha kwamba watawala wa mila waweza kutenga msitu na serikali ikautambua, kama ilivyofanya mwaka 2006. Na jirani zetu wa Uganda, katika miaka ya 1990, walichunguza misitu 65, wakiwahesabu ndege pamoja na miti, vipepeo, nondo na wanyama wadogo, kisha wakayatumia matokeo kuamua ni sehemu gani za misitu zisiguswe. Huo ni uthibitisho kwamba daftari la ndege laweza kuwa mpaka katika ramani ya serikali.

Basi mpango wa Oicha waweza kuelezwa kwa maneno machache. Uanze kwa kuomba ruhusa barazani, kwa chifu na kwa mamlaka ya kijeshi, kwani kinasa sauti cha kulisaidia sikio, kikifungwa mtini bila ya maelezo, chaweza kudhaniwa ni chombo cha ujasusi. Uchague vijito, mashamba ya kakao na mabaki ya msitu yaliyo ndani ya mwendo ambao watu wenyewe wauona kuwa ni salama, na uyarudie mwaka mzima. Uwalipe wahesabu ujira wa kazi, pasiwe na kuwasihi wajitolee. Uandike daraja ya ushahidi kwa kila ndege, na uyaweke siri mahali pa viota vya kasuku, wezi wasije wakaifanya ripoti kuwa kitabu cha maelekezo. Msaada wa vyuo upo karibu: Butembo ina vyuo vikuu, na Kasugho ina chuo cha hifadhi kilichozaliwa na kazi ile ya Tayna. Na matokeo, kabla ya kutumwa popote, yasomwe kwa Kiswahili na Kinande mbele ya wenye mashamba, wapate kuuliza na kusahihisha.

Mizani ya kazi hii, mwishoni, isiwe idadi ya aina zilizoandikwa wala unene wa ripoti. Mpimaji aende kwa mwenye kijito na kwa mpasua mbao, baada ya hesabu kutangazwa, akaulize ni shauri gani lililobadilika: mti gani wenye pango ulioachwa, kichaka gani cha kijitoni kilichowekewa mpaka, sehemu gani ya msitu wa jamii iliyoandikwa kuwa haikatwi. Asipopata jibu, basi ndege walihesabiwa bure, na wahesabu walihatarishwa bila ya sababu. Akilipata, hata kwa vijito vitatu, hesabu hiyo imekwisha kulipa gharama yake.